Povu la Kilembe na Kijani cha Ziwa George

Asimamaye katika diko la Kahendero, wilayani Kasese nchini Uganda, huyaona maji ya Ziwa George yakiwa na kijani kizito mwaka mzima, kwa kuwa ziwa hilo, lipitiwalo na mstari wa ikweta na ambalo kina chake ni takriban mita mbili na nusu tu, limejaa mwani mdogo mno, aghalabu wa jamii ya Microcystis, na ndani ya kila chembe ya mwani huo imo rangi.

Wa kwanza kuifikia rangi hiyo hakuwa mwanadamu bali ngege. Mwaka 1973 mtaalamu Moriarty, aliyekuwa miongoni mwa wanasayansi waliolichunguza ziwa hilo, alieleza kwamba tumbo la samaki huyo hutoa asidi kali inayovunja ukuta wa chembe, ila asidi yenyewe hujikusanya polepole, hata mwani ulioliwa alfajiri hupita matumboni ukiwa bado kijani, ilhali ule wa baadaye hugeuka kahawia. Basi sharti la kwanza la kuipata rangi ni kuivunja chembe. La pili, nalo ni gumu zaidi, ni kuitenga rangi na mchanganyiko iliyomo.

Sharti hilo la pili Kasese ililijua zamani, kwa njia ya shaba. Tangu mwaka 1956, reli ilipofika Kasese, mawe ya mgodi wa Kilembe yalisagwa yakawa unga, yakatiwa maji na dawa iifanyayo punje ya madini iyakimbie maji na kuambatana na hewa, kisha hewa ikapulizwa. Viputo vikapanda vimebeba shaba, na mawe matupu yakazama. Shaba ilisafirishwa hadi mji wa Jinja kuyeyushwa. Madini ya piriti yenye kobalti, yaliyotengwa na shaba hiyo, yakarundikwa Kasese, zaidi ya tani milioni moja, na kila mvua iliponyesha maji makali yalitiririka kupitia mbuga ya wanyama kuelekea ziwani, yakiacha nyuma yake ardhi isiyoota nyasi. Ni mwaka 1999 tu ndipo Kasese Cobalt Company ilipoanza kuwatumia bakteria kuimumunya piriti hiyo na kuitoa kobalti iliyokuwamo.

Baina ya miaka hiyo miwili, mnamo 1971, mwanasayansi Felix Sebba alieleza povu la namna nyingine. Maji yaliyotiwa dawa ya jamii ya sabuni yakikorogwa kwa mizunguko maelfu kwa dakika huzaa viputo ambavyo vingi ni vyembamba kuliko unywele, kila kimoja kimevikwa ngozi ya sabuni. Ngozi hiyo ikiwa na chaji chanya, huivuta rangi yenye chaji hasi na kupanda nayo juu. Wataalamu wa Ulaya wameijaribu mbinu hiyo kwa astazanthini, rangi nyekundu itokayo katika chachu, nao wamevutiwa nayo kwa kuwa sehemu kubwa ya povu ni hewa, na dawa itumikayo ni kidogo. Hata hivyo sabuni hiyo sharti iondolewe baadaye, maana baadhi ya aina zake ni sumu. Kadhalika Microcystis yenyewe huweza kuwa na sumu, hivyo rangi ya kutiwa chakulani yapasa itokane na mwani uliofugwa katika mabirika safi, si ule wa kuchotwa ziwani.

Historia ya Kilembe yatoa hukumu iliyo wazi: povu lilipanda na faida likaenda nayo mbali, na kilichoachwa kikabaki kwa wenyeji. Ziwa George limo tangu mwaka 1988 katika orodha ya maeneo oevu ya Mkataba wa Ramsar, na wavuvi wa Kahendero wangali wanaishi kwa ngege wake. Siku mtu atakapokuja na mitambo ya viputo kutaka rangi, kabla ya kumwuliza bei, wamwulize maji ya sabuni atayamwaga wapi, na jibu lake liandikwe katika mkataba.