Unyoya wa Mshale: Habari za Wawindaji wa Mkalama

Upande wa kaskazini wa nchi ya Singida, wilaya ya Mkalama hushuka kuelekea bonde la Ziwa Eyasi. Huko, katika kijiji cha Munguli na pori linalokizunguka, hukaa baadhi ya Wahadzabe, watu ambao jirani zao wamewaita siku nyingi Watindiga. Wote pamoja, hawa wa Singida na ndugu zao wa Mbulu na Karatu, wakadiriwa kuwa elfu moja na mia chache tu. Habari zao zimeandikwa mara nyingi kuliko za makabila mengi yenye watu wengi, na ni shida kupata mwandishi asiyetaja mishale yao. Hueleza sumu, hueleza chembe cha chuma, husifu nguvu za upinde. Bali unyoya uliofungwa nyuma ya mshale huutaja kwa neno moja, kisha hupita.

Makala hii yataka kusimama pale walipopita wengine. Pasipo unyoya, sumu na chuma havifiki kwa mnyama. Tena, katika sehemu zote za mshale, unyoya ndio uliobadilika kidogo kuliko zote kwa kuja wageni, na ujuzi wake ndio ulioandikwa kidogo kuliko wote.

I. Majina

Kwanza tuyatazame maneno. Kiswahili kina majina mawili ya silaha hii. Uta, ambao wingi wake ni mata, ni neno la kale sana la lugha za Kibantu: Wakikuyu husema uta, na Washona walio mbali kusini husema uta vilevile. Upinde ni jina lililotokana na kazi yenyewe, yaani kupinda. Mshale nao una majina ya viungo vyake. Mti wake huitwa wano; kichwa chake ni chembe, au kigumba kama kina miiba ya kunasa; kamba ya upinde ni ugwe au upote; mfuko wa kuchukulia mishale ni podo au ziaka.

Lakini tukiuliza jina la manyoya ya nyuma, Kiswahili hutujibu kwa neno lilelile tunalotumia kwa kuku wa uani: unyoya. Na kazi ya kuyafunga twaisema kwa maneno mawili tu, kutia manyoya. Mwalimu asidhani kwa hiyo kwamba kazi yenyewe ni ndogo, wala asidhani kwamba watu wa bara hawana majina yake katika lugha zao. Upungufu huu ni wa kamusi zetu, si wa fundi.

Jina Watindiga nalo lastahili neno moja. Tindiga kwa Kiswahili ni mahali pa majimaji penye majani, na husemwa kwamba jina hili lilitokana na chemchemi kubwa ya Mangola. Wadachi waliandika Wakindiga, kwa kufuata matamshi ya jirani. Wenyewe hujiita Wahadzabe, na lugha yao yenye sauti za kudoya haijaonekana kuwa na undugu wa hakika na lugha nyingine yo yote.

II. Kazi ya unyoya

Mshale ukiachwa na ugwe hauendi umenyooka kama tunavyodhani. Ugwe huusukuma kwa nguvu kutoka nyuma, na kichwa chake kilicho kizito hukawia. Basi mti hupinda katikati, kisha hupinda upande wa pili, ukayumba kama samaki aogeleaye. Jicho haliwezi kuyaona haya. Katika miaka ya 1930, Clarence Hickman wa Marekani aliyaonyesha kwa picha za haraka, na maandishi yake pamoja na ya wenzake yakakusanywa katika kitabu mwaka 1947. Fundi wa porini hakuhitaji picha hizo. Alijua kwamba mshale usio na unyoya hugeuka ubavu, hata ukampiga mnyama kwa mti badala ya chembe.

Unyoya hufanya kazi kama mkia wa tiara. Hushika upepo nyuma, na kichwa chenye uzito huongoza mbele. Mshale ukianza kwenda upande, upepo huyapiga manyoya yaliyotoka katika njia na kuyarudisha. Kuyumba kwa mti nako hupungua upesi. Tena unyoya una wema mwingine: ukigusa mkono au mti wa upinde wakati wa kutoka, hulala, kisha husimama. Siku hizi Ulaya na Marekani huuzwa vipande vya plastiki badala ya manyoya, lakini wengi wapigao upinde wa mti mtupu wameshika manyoya, kwa kuwa plastiki haikubali kulala hivyo, na mshale huruka kando.

III. Mzunguko

Sasa twafika kwenye jambo ambalo watu hulieleza nusu. Husemwa kwamba manyoya yakifungwa kwa kuzungushwa kidogo, kama hesi ya parafujo, mshale huzunguka hewani na kwenda sawa kama risasi. Kuzunguka ni kweli. Mfano wa risasi ni nusu ya kweli. Risasi haina mkia. Uthabiti wake wote hutoka katika mzunguko mkali inaopewa na michirizi iliyochongwa ndani ya mtutu. Mshale huzunguka polepole kuliko risasi, na uthabiti wake hutoka kwanza katika mkia.

Basi mzunguko una faida gani? Faida yake ni kugawanya kosa. Hakuna mti wa porini ulionyooka kabisa. Fundi wa Kihadzabe huupasha moto, huushika kwa meno na kuunyoosha, huutazama kwa jicho moja, hurudia. Hata hivyo hubaki kombo ndogo. Mshale usiozunguka wenye kombo hiyo utavutwa upande mmoja tangu mwanzo wa safari hata mwisho, na utakosa. Mshale uzungukao huvutwa kulia, kisha juu, kisha kushoto, kisha chini, na makosa haya hufutana. Kwa hiyo mzunguko wamfaa hasa mtu atengenezaye mishale kwa mkono wake kwa miti ya porini.

Ila faida hii ina bei. Unyoya uliozungushwa hula mwendo wa mshale. Wanaoshindana kupeleka mshale mbali hutumia manyoya madogo yaliyonyooka. Mwindaji anyemeleaye mpaka awe karibu na mnyama, akiwa na upinde mzito, hapotezi kitu kikubwa. Pinde za Wahadzabe zilipopimwa zilionekana kuhitaji nguvu ya kilo 30 hivi kuzivuta, na nguvu hiyo yatosha kulipa bei ya unyoya.

Mzunguko wenyewe haukuanzia kwa mtu, ulianzia kwa ndege. Tukitwaa bawa la kanga, ndege ambaye manyoya yake hutumiwa sana na Wahadzabe, tutaona kwamba kila unyoya wa kurukia una uti usio katikati: upande mmoja ni mwembamba, wa pili ni mpana na umepinda kama kipande cha kifuu. Manyoya ya bawa la kulia hupinda huku, ya bawa la kushoto hupinda kule. Kwa hiyo manyoya ya bawa moja, hata yakifungwa kwa kunyooka, yatauzungusha mshale kidogo: ya kulia huuzungusha kwa mkono wa kulia ukitazamwa kutoka nyuma, na ya kushoto kinyume chake. Hakuna bawa lililo bora. Lakini yakichanganywa katika mshale mmoja, moja hutaka huku na jingine kule, na mzunguko hupotea. Kanga ana manyoya makubwa kumi katika ncha ya kila bawa. Basi mwenye kufunga matatu kwa mshale hupata mishale mitatu kwa bawa moja, na unyoya mmoja wa akiba.

Kazi ya kufunga, katika njia ile ya kale isiyo na gundi ya dukani, huenda hivi. Uti wa unyoya hupasuliwa kwa urefu, ukakwanguliwa mpaka uwe mwembamba na bapa, nao huachwa wazi kidogo katika ncha zote mbili. Uzi ni kano itokayo mgongoni mwa mnyama: hukaushwa, hupondwa, huchambuliwa nyuzinyuzi, kisha hulainishwa kinywani. Kano iliyolowa hushikamana yenyewe, na ikikauka hukaza kuliko kamba yo yote. Ncha za mbele hufungwa kwanza, kwa nafasi zilizo sawa kuuzunguka mti. Ndipo ncha za nyuma huvutwa na kufungwa. Atakaye mzunguko zaidi husogeza kila ncha ya nyuma kando kidogo kabla ya kukaza, zote upande mmoja, na upande huo sharti uwe ule ambao unyoya umekwisha kupindia kwa maumbile. Akiulazimisha kinyume, utanyanyuka katikati au utapasuka. Mwisho kingo hukatwa ziwe na kimo kimoja. Adui wa kazi hii ni mvua, maana kano ikilowa hulegea tena.

IV. Mshale na nyakati zake

Wageni wa kwanza walioandika habari za Wahadzabe walikuja wakitafuta watu wa kale. Erich Obst, mtaalamu wa jiografia wa Kidachi, aliondoka boma la Mkalama akaenda kwao, na habari za safari yake zikachapwa mwaka 1912. Mwaka 1930 alikuja Bibi Dorothea Bleek wa Afrika Kusini, mjuzi wa lugha za kudoya. Ludwig Kohl-Larsen alifanya kazi kandokando ya Eyasi katika miaka ya 1934 hadi 1939. James Woodburn alianza kukaa nao mwaka 1958, na mwaka 1970 makumbusho ya Uingereza yakachapa kitabu chake juu ya vyombo vyao. Kutokana na maandishi ya namna hii msomaji wa mbali alijifunza kuwaita mabaki ya zama za mawe, kana kwamba hawakupatwa na historia yo yote.

Mshale wenyewe wakanusha neno hilo. Chuma cha chembe hakikutoka kwao. Hapo kale walikipata kwa jirani, kwa kubadilishana na asali, nyama na ngozi. Na biashara hiyo ilikuwa ujirani wa siku nyingi na Waisanzu, Wadatoga na wengine. Baadaye ikaja misumari ya seremala, nao wakaigonga baridi juu ya jiwe mpaka ikawa chembe. Sumu hutoka katika mimea miwili, Adenium na Strophanthus eminii, na yote miwili huupiga moyo wa mnyama. Hata umiliki wa mshale una mwendo wake: katika mchezo wa lukuchuko, wanaume hurusha vipande vya maganda ya mti na kuwekeana mishale ya chuma, hata mshale uliotengenezwa katika kambi moja hufika kambi ya mbali bila kuuzwa. Woodburn aliona kwamba mchezo huu huzuia mali isikae kwa mtu mmoja.

Basi katika mshale mmoja tunasoma ujirani na wahunzi, kuja kwa duka, na desturi ya kugawana. Unyoya pekee haukuletwa na msafara. Hakuna mchuuzi aliyefika Mkalama na kitu cha kuushinda. Ujuzi wake ulipita kutoka mkono hata mkono, maana mtoto wa kiume wa Kihadzabe hupewa upinde mdogo angali mchanga sana, na hujifunza kwa kutazama na kuharibu. Wahenga walisema: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta.

V. Neno kwa walimu

Jambo hili latuhusu sisi tulio shuleni. Mtoto akaaye darasani tangu asubuhi hata jioni hapati saa zile za kukaa karibu na babaye anapochambua kano. Sisemi shule ni kosa. Nasema tumechukua saa zile, na yatupasa kujua kilichokuwa ndani yake. Wala tusitumaini makumbusho. Chuma hudumu ndani ya sanduku la kioo, bali unyoya huliwa na wadudu, na mara nyingi mshale uliohifadhiwa miaka mingi hubaki na alama za kano tu mahali manyoya yalipokuwa.

Basi mwalimu aliye karibu na mafundi hawa, wawe Wahadzabe au wazee wa Kinyaturu na Kinyiramba wanaokumbuka mishale ya baba zao, na aulize maneno manne. Unyoya ni wa ndege gani? Watoka bawa gani, na je, mabawa huchanganywa? Ni manyoya mangapi kwa mshale mmoja? Ncha ya nyuma hufungwa sawasawa na ya mbele, au husogezwa kando? Kisha aandike jina la kila kitu kwa lugha ya mwenyewe, kama linavyotamkwa, bila kulinyoosha lifanane na Kiswahili. Akiweza, amwombe fundi afunge unyoya mmoja mbele ya wanafunzi, na wao wafunge wa pili. Wa kwanza wao utapasuka; hapo ndipo watakapouliza, na fundi atapata nafasi ya kuwajibu.