Nyange: Je, Dini Ndiyo Iliyoua?

Kila mwaka, tufikapo kwenye historia ya nchi za Maziwa Makuu, hakosi mwanafunzi wa kuniuliza: si kweli kwamba dini ndiyo chanzo cha maafa ya binadamu? Mwingine humjibu papo hapo kwamba dini haina kosa, wenye kosa ni wanadamu waliokiuka mafundisho yake. Majibu haya mawili yana kasoro moja: yote hutuondolea kazi ya kuchunguza. Tuyapime kwa Rwanda.

Mwezi Aprili 1994, Watutsi wa eneo la Nyange, magharibi mwa Rwanda, walikimbilia kanisa la parokia yao. Hawakufanya hivyo kwa ujinga. Katika machafuko ya 1959 na miaka iliyofuata, waliofika kanisani walisalimika. Safari hii, tarehe 16 Aprili, kanisa lilibomolewa kwa tingatinga wakiwa ndani. Waliofia humo wanakadiriwa kuwa takriban 1,500. Padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alishtakiwa Arusha mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Mwaka 2008 majaji wa rufaa walimhukumu kifungo cha maisha, baada ya kuridhika kwamba aliafiki ubomoaji huo na kumhimiza dereva.

Hapa hoja ya kwamba dini huua kwa sababu ya tofauti za imani inakwama. Wakati huo takriban Wanyarwanda 9 kati ya 10 walikuwa Wakristo. Waliouawa na waliowaua walibatizwa kwa maji yaleyale na kuimba nyimbo zilezile. Hakuna aliyeuawa Nyange kwa kuwa Mkristo, wala kwa kutokuwa Mkristo. Aliuawa kwa sababu kitambulisho chake kilimwita Mtutsi.

Je, basi kanisa halina hatia? La hasha. Mwaka 1931 Wabelgiji walimwondoa madarakani Mwami Musinga, aliyekataa kubatizwa, na Askofu Léon Classe aliunga mkono hatua hiyo. Mwanawe, Rudahigwa, alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi chini ya Kristo Mfalme. Katika miaka hiyohiyo ya 1930 serikali ya kikoloni iliandika kabila katika vitambulisho, huku shule za misheni zikiwapendelea watoto wa Kitutsi na kueneza nadharia kwamba Mtutsi alizaliwa kutawala. Upepo ulipogeuka katika miaka ya 1950, wamisionari wengi waligeuka nao. Grégoire Kayibanda, aliyekuwa mhariri wa Kinyamateka, gazeti la Kanisa Katoliki, alitoka huko akawa kiongozi wa siasa za Kihutu na hatimaye rais. Chini ya Habyarimana, Askofu Mkuu Vincent Nsengiyumva alikuwa kwa miaka mingi mjumbe wa kamati kuu ya chama tawala.

Kwa hiyo kosa la kanisa halikuanza Aprili 1994. Lilianza pale lilipozoea kukaa meza moja na mwenye nguvu, likaupokea mgawanyo wake wa watu kama jambo la kawaida. Siku ya hukumu ilipofika, sauti iliyopaswa kusema "usiue" ilikuwa imekwisha kukopeshwa.

Tusiharakishe kuzisafisha dini nyingine. Ni kweli kwamba Waislamu wengi, wakiwa wachache na mbali na madaraka, waliwaficha majirani zao. Lakini Hassan Ngeze, mhariri wa Kangura, gazeti lililochochea chuki, alikuwa Mwislamu. Wala tusiwasahau waumini waliokataa. Félicité Niyitegeka, mtumishi wa kanisa huko Gisenyi, alikuwa Mhutu. Ndugu yake, ofisa wa jeshi, alimsihi ajiokoe; akakataa kuwaacha aliowahifadhi, akauawa pamoja nao. Imani iliyonyamaza kwingine, kwake ilisema.

Nyange ina kumbukumbu nyingine. Machi 1997 watu wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari ya hapohapo na kuwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Wanafunzi walikataa, na baadhi yao wakauawa kwa kukataa huko. Vijana hao walikataa lile ambalo viongozi wao, wa serikali na wa dini, walilikubali kwa zaidi ya miaka 60: kuhesabiwa kwa makundi.

Mwaka 2017 Papa Francis aliomba msamaha kwa dhambi za kanisa na watumishi wake nchini Rwanda. Ni jambo jema, lakini msamaha huja baada ya makaburi. Kwa wanafunzi wangu, na kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, swali la manufaa zaidi huulizwa mapema: kiongozi wa dini anapopanda jukwaani na mtawala, je, siku mtawala huyo atakapoagiza uovu, ataweza kumkatalia? Na sisi tunaojaza fomu, kuandika majina na kupiga mihuri, je, tutaweza?