Tozo ya miamala ya simu nchini Tanzania

Tozo ya miamala ya simu ni tozo ya serikali ya Tanzania iliyoanza tarehe 15 Julai 2021. Ilikatwa wakati wa kutuma au kutoa pesa kwa simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi, juu ya ada ya kampuni ya simu. Ilikusudiwa kugharimia huduma za jamii, kama vituo vya afya na madarasa.

Mkazi wa Sinza, Dar es Salaam, aliyemtumia mzazi pesa kijijini alikatwa. Mzazi naye alikatwa akizitoa kwa wakala. Baadhi ya watumiaji walirudia pesa taslimu. Kufuatia malalamiko, viwango vilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba 2021, na Julai 2022 kiwango cha juu kikawa shilingi 4,000.