Rangi ya Heroe na Macho ya Mtoto

 

Mama mmoja alinijia kliniki na mtoto wa miaka mitatu. Jua likitua, mtoto hujikwaa kwenye viti. Akaniuliza: "Sista, nasikia unga wa mwani wa ziwani hutibu macho. Niuze kuku niununue?" Leo nitajibu kwa historia.

Je, umewaona heroe wa Ziwa Bogoria, ndege ambao wengi huwaita flamingo? Kifaranga chake ni kijivu. Rangi ya waridi huja baadaye, kutokana na mwani mdogo sana uitwao spirulina anaoula. Mwani huo ni wa kijani, lakini ndani yake mna karotini, rangi ile ile iliyo ndani ya karoti.

Si ndege tu wanaoula. Kando ya Ziwa Chad, akina mama Wakanembu wameuchota tangu zamani, wakauanika mchangani, wakaukata vipande na kuupika mchuzi. Huuita dihé. Mfaransa Dangeard aliandika habari zake mwaka wa 1940, na miaka ya 1960 Mbelgiji Jean Léonard akaukuta ukiuzwa sokoni. Akina mama walitangulia, wataalamu wakafuata.

Faida yake kwa macho ni nini? Mwaka wa 1930, Thomas Moore wa Cambridge, Uingereza, aliwalisha panya karotini, akakuta vitamini A kwenye maini yao. Ikajulikana kuwa mwili wenyewe hugeuza karotini kuwa vitamini A.

Kwa hivyo mama, usichote mwani ziwani, kwani mwingine una sumu. Wala usijinyime kwa ajili ya unga wa bei ghali. Karotini imo katika viazi vitamu vya rangi ya machungwa, malenge, maembe, mchicha, kunde na sukuma wiki. Pika mboga kwa mafuta kidogo ili mwili uipokee vyema. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 apelekwe kliniki apewe vitamini A kila baada ya miezi 6. Lakini asiyeona vizuri jioni asingojee mboga. Mlete kliniki mara moja!

Yule mtoto alipewa vitamini A siku ile ile. Kuku naye alibaki nyumbani kutaga mayai, ambayo pia yana vitamini A.