Kutafuta Maneno ya Wimbo Uliosahauliwa Nusu: Mfano wa Nyimbo za Bayeke wa Bunkeya

Mara nyingi maneno ya wimbo hufa kabla ya sauti yake. Watu wa rika moja huimba kwa maana. Wa rika linalofuata huimba kwa mazoea. Na wa rika la tatu hubakiwa na mlio tu: kiitikio kimoja, jina la mtu, silabi chache ambazo hakuna azielewaye. Mtafiti ajaye baadaye hukuta kitu ambacho si uzushi, wala si ushahidi kamili. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi maneno ya wimbo wa namna hiyo yanavyoweza kufuatwa, na kwa nini kazi hiyo inamhusu mwanahistoria sawa na mwanaisimu. Mfano tuliouchagua ni wa Bayeke wa Bunkeya, katika jimbo la sasa la Lualaba. Tumeuchagua kwa sababu lugha yao ya asili ilihama vinywani mwao, na kwa sababu historia yao imeshikamana na ile ya Kiswahili katika nchi yetu.

1. Lugha iliyojificha ndani ya wimbo

Inajulikana kwamba Msiri, mwana wa Kalasa, alitoka Usumbwa, magharibi ya Unyamwezi, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Alifuata njia ya shaba na pembe, na katika nusu ya pili ya karne ya 19 akaimarisha utawala wake Bunkeya. Frederick Stanley Arnot, mmisionari aliyefika huko mwaka 1886, aliuita utawala huo Garenganze katika kitabu chake cha mwaka 1889. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa na kapteni Omer Bodson, wa msafara wa Stairs uliotoka Bagamoyo mwaka huohuo. Bodson naye akauawa papo hapo. Mukanda-Bantu akarithi kiti cha baba yake.

Watawala hao waliingia katika nchi ya Basanga wakiwa wachache. Wakaoa humo, wakalea watoto humo, na mama ndiye amfundishaye mtoto lugha. Basi Kisanga kikawa lugha ya nyumbani, na Kiyeke, yaani Kisumbwa cha wahamiaji, kikakimbilia katika sherehe, katika majina ya sifa na katika nyimbo. Hapo ndipo lilipo shina la tatizo letu. Mwimbaji si msahaulifu. Ameyashika maneno kwa uaminifu mkubwa, ila ameyashika kwa masikio ya lugha nyingine.

2. Sikio la mwimbaji

Neno lisiloeleweka halikai kimya mdomoni. Mwimbaji hulivuta polepole lielekee neno analolijua, kwa kuwa kila mtu hutaka kusema kitu chenye maana. Tutoe mfano mmoja ulio wazi. Katika Kinyamwezi, ndugu wa Kisumbwa, mzizi wa namba 3 ni -datu, kwa kanuni ya sauti inayoitwa na wanaisimu kanuni ya Dahl. Katika Kiluba, ndugu wa Kisanga, mzizi huo ni -satu. Umbo la kwanza likiimbwa na mtu wa Kisanga, ni rahisi ligeuke kuwa la pili, na hakuna kitakachopotea katika maana. Lakini neno lisilo na ndugu katika Kisanga litaangukia neno lolote linalofanana nalo kwa mlio. Jina la mto laweza kuwa kitendo. Jina la mtu laweza kuwa jina la mnyama.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya mtafiti ni kuandika anachokisikia, silabi kwa silabi, kabla ya kuuliza maana. Akiuliza maana kwanza, ataandika maelezo, wala hataandika wimbo. Hatua ya pili ni kuusikiliza wimbo uleule kwa waimbaji kadhaa, na kuangalia mahali wanapotofautiana. Pale ambapo wote wamekubaliana, maneno yana uzito. Pale wanapotofautiana, chini yake aghalabu kuna neno la kale lililoacha kueleweka. Jan Vansina, katika kitabu chake juu ya mapokeo ya mdomo cha mwaka 1961, alikwisha kutufundisha kutenganisha simulizi huru na matini yenye umbo lililofungwa. Wimbo ni wa kundi hilo la pili: vina, mapigo na kiitikio huyalinda maneno hata pale ambapo akili imeyaacha.

3. Mashahidi walioandikwa

Hatua ya tatu ni kurudi Usumbwa. Basumbwa wapo hadi leo, hasa katika wilaya za Bukombe na Mbogwe, mkoa wa Geita. Tena yako maandishi yaliyofanywa huko karibu na zama za Msiri mwenyewe. Mmisionari Capus alitoa mwaka 1897 mkusanyiko wa hadithi, nyimbo na methali za Basumbwa, kisha mwaka 1898 sarufi ya lugha yao. Edmund Dahl akatoa kamusi ya Kinyamwezi mwaka 1915. Kwa upande wa Bunkeya, Antoine Mwenda Munongo alichapisha mwaka 1967 kurasa za historia ya Bayeke. Mtafiti akiziweka kazi hizi mezani pamoja na alichokiandika mwenyewe, ataona silabi zilizokuwa giza zikianza kuangaza.

Hata hivyo, maandishi yasichukuliwe kama hakimu. Kitabu chatuonyesha umbo moja la wimbo, kama lilivyosikika siku moja na mtu mmoja. Kama umbo la Usumbwa na la Bunkeya yanahitilafiana, si lazima moja liwe kosa. Huenda wimbo ulibadilishwa kwa makusudi safarini, ili umsifu bwana mpya katika nchi mpya. Badiliko hilo lenyewe ni habari ya kihistoria.

4. Kusoma kwa sauti

Katika mji wetu wa Lubumbashi tuna fundisho jingine. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha hapa historia ya Elisabethville, akiitazama kutoka upande wa watumishi wa nyumbani. Johannes Fabian alipoichapa mwaka 1990, ugumu mkubwa ulikuwa mpangilio wa maneno: yalikatwa na kuunganishwa bila kufuata desturi ya vitabu. Ufunguo ulipatikana pale Kalundi Mango alipoyasoma kwa sauti. Kile ambacho jicho halikuweza kukigawa, sikio liligawa mara moja. Ndivyo ilivyo kwa wimbo ulioandikwa zamani na mgeni. Usomwe kwa sauti, tena uimbwe, mbele ya watu wanaoyajua mapigo yake. Pumzi ya mwimbaji ndiyo itakayoonyesha neno linaanzia wapi na kuishia wapi.

5. Hatari ya kunyoosha

Hatari ya mwisho yatoka kwetu sisi wasomi. Wimbo wa Kiswahili wa Katanga ukiandikwa, mkono hutamani kuunyoosha: « minafika » iwe « nimefika », « bantu » iwe « watu ». Tukifanya hivyo tunafuta alama za mahali ulipozaliwa. « Masanga » ya Mwenda Jean-Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, ilirekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952. Wapiga gitaa wa nchi za mbali wamejifunza kazi ya vidole vyake, na David Rycroft aliichambua kwa makini katika miaka ya 1961 na 1962. Lakini maneno yanamhitaji msikilizaji wa Kiswahili cha huku. Mwenda alifariki mwaka 1990. Sauti yake imebaki katika santuri, nasi tunao wajibu wa kuyaandika maneno yake kama alivyoyatamka.

Kwa kuhitimisha, tunasema hivi: kinachotafutwa si uzuri wa wimbo tu. Nyimbo za Bayeke zataja watu, mito, vita na njia. Neno moja likijazwa kwa kubahatisha, kesho litanukuliwa kama ushahidi katika ugomvi wa ardhi au wa kiti cha ufalme. Afadhali mtafiti aache pengo lililowekewa alama wazi, kuliko kulifunika kwa neno zuri lisilokuwamo. Pengo laweza kujazwa na mwenzake siku ya kesho; neno la uongo likiisha kuchapishwa, hurudi kijijini likafundishwa kwa watoto, na hapo wimbo huwa umesahauliwa mara ya pili. Wazee waliozisikia nyimbo hizi kutoka kwa waliomjua Mukanda-Bantu, aliyefariki mwaka 1910, wamekwisha kupungua. Kazi hii basi yawataka wanafunzi wetu wafunge safari kwenda Bunkeya, daftari mkononi, wasikilize kwanza na kuuliza baadaye.