Mchungaji Anapoaga, Usharika Hubaki: Historia ya Kuagana Katika Sharika za Kilimanjaro

Historia za sharika kwa kawaida huandikwa kwa kufuata kufika kwa watu. Huelezwa ni lini mmisionari wa kwanza alipanda mlima, ni lini jiwe la msingi liliwekwa, ni lini kengele ilipigwa mara ya kwanza. Kuondoka kwa watumishi hutajwa kwa sentensi moja tu, kana kwamba ni nafasi tupu kati ya mtumishi mmoja na mwingine. Lakini mtu akiichunguza historia ya Kilutheri katika mteremko wa Kilimanjaro ataona kwamba mara nyingi Mungu alilifundisha Kanisa lake kwa njia ya kuagana. Sharika zilipoachwa ndipo zilipolazimika kujiuliza zimesimama juu ya nini.

Usharika wa Kidia, Old Moshi, ni mfano mzuri wa jambo hilo. Mahali hapo pameshuhudia kuagana kwa aina tatu: kwa kulazimishwa na vita, kwa kufukuzwa na serikali, na kwa amani baada ya kazi kukamilika. Kila kuagana kuliacha somo lake.

Kuagana kwa mwaka 1892

Injili ilifika Old Moshi kabla ya Walutheri wa Leipzig. Mwaka 1885 wamisionari wa Church Missionary Society kutoka Uingereza walianza kazi katika himaya ya Mangi Rindi. Miaka saba tu baadaye kazi hiyo ilikatika. Mwezi Juni 1892 askari wa Kijerumani walioongozwa na von Bülow walishindwa vitani na Mangi Meli, mwana wa Rindi, na wamisionari wa Kiingereza wakatuhumiwa na Wajerumani kuwa upande wa Wachagga. Katika mwaka huo huo waliondoka, na kazi yao ikahamia Taveta.

Mwaka uliofuata, 1893, wamisionari wa Leipzig waliingia Kilimanjaro na kuweka kituo chao cha kwanza huko Nkwarungo, Machame. Mwaka 1894 walifika Mamba, na mwaka 1896 kituo cha Old Moshi kilifunguliwa. Hivyo Kidia ilianza juu ya majivu ya kazi iliyokatizwa. Walioanza hapo mwaka 1896 walijua tangu siku ya kwanza kwamba mjumbe anaweza kuondolewa wakati wowote. Hawakujua kwamba zamu yao wenyewe ingefika baada ya miaka 24.

Bruno Gutmann na usharika wa majirani

Jina linalokumbukwa zaidi Old Moshi ni la Mchungaji Bruno Gutmann. Alizaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1876, akafika Kilimanjaro mwaka 1902. Baada ya kutumika katika vituo vingine vya mlimani, alikabidhiwa Old Moshi yapata mwaka 1910. Aliketi na wazee, akasikiliza mafundisho ya jando, sheria za urithi wa kihamba, taratibu za ndoa na za mfongo, akaziandika kwa bidii iliyowashangaza wasomi wa Ulaya. Pia alilitafsiri Agano Jipya katika Kimochi.

Gutmann hakukusanya habari hizo kwa ajili ya wasomi tu. Aliamini kwamba Mungu Muumba amemweka mwanadamu katika vifungo vitatu: ukoo, ujirani na rika. Injili, kwa maoni yake, haikuja kuvikata vifungo hivyo, bali kuvitakasa na kuvijaza upendo wa Kristo. Kwa sababu hiyo aliujenga usharika kwa kufuata majirani. Wazee walipewa jukumu la kuwatunza waumini wa mtaa wao, kupatanisha waliogombana na kuwajulia hali wagonjwa. Vijana wa kipaimara waliunganishwa wawiliwawili, kama mashujaa wa zamani walioshika ngao pamoja, ili kila mmoja awe mlinzi wa imani ya mwenzake.

Si wote waliokubaliana naye. Wakristo wengi, hasa walimu na vijana, walitaka shule zaidi na elimu ambayo ingewawezesha kusimama sawa na watu wengine katika nchi iliyokuwa inabadilika kwa haraka. Gutmann aliogopa elimu inayomng'oa mtu katika ukoo wake. Wasomi wa baadaye nao walimlaumu kwamba aliupa undugu wa damu na ardhi heshima inayokaribia ile inayostahili Injili peke yake. Lawama hizo zina uzito, maana undugu wa ubatizo huvuka ukoo na kabila. Hata hivyo, jambo moja halikanushiki: alipoondolewa, aliacha nyuma yake watu waliokuwa wamezoea kutunzana.

Mwaka 1920: kundi bila wachungaji

Vita Kuu ya Kwanza ilifika mlimani mapema. Mwezi Machi 1916 majeshi ya Uingereza yalitwaa Moshi. Kwa muda wamisionari kadhaa waliruhusiwa kuendelea na kazi chini ya uangalizi. Kisha ukaja Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Ibara yake ya 122 iliziruhusu serikali mpya kuwarudisha kwao Wajerumani waliokuwa katika makoloni ya zamani, na Ibara ya 438 iliamuru mali za misioni ziwekwe mikononi mwa wadhamini. Mwaka 1920 wamisionari wa Leipzig, Gutmann akiwa mmojawapo, waliondoshwa. Walibaki wachache tu waliokuwa na asili ya nchi za Baltiki, kama Mchungaji Leonard Blumer wa Arusha, ambao hawakuhesabiwa kuwa raia wa Ujerumani.

Wakati huo hapakuwa na Mchagga hata mmoja aliyekuwa amebarikiwa kuwa mchungaji. Misioni ilikuwa imefanya kazi kwa miaka 27. Ilikuwa imewaelimisha walimu katika chuo kilichoanzishwa Moshi mwaka 1902 na kuhamishiwa Marangu mwaka 1912. Lakini daraja la uchungaji lilikuwa bado mikononi mwa wageni. Huo ulikuwa upungufu mkubwa, na siku ya kuagana iliuweka wazi mbele ya wote.

Swali lililowakabili waumini halikuwa dogo. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 hufundisha kwamba Kanisa lipo mahali Injili inapohubiriwa kwa usafi na Sakramenti zinapotolewa kama ipasavyo. Ungamo hilo hilo, katika kifungu cha 14, hufundisha kwamba mtu asihubiri hadharani wala kutoa Sakramenti bila kuitwa kwa utaratibu. Je, usharika usio na mchungaji bado ni Kanisa? Nani angebatiza watoto? Nani angewaandalia wazee waliokaribia kufa Meza ya Bwana?

Martin Luther alikuwa amekutana na swali la namna hiyo karne nne kabla. Mwaka 1523 aliwaandikia Wakristo wa Bohemia waliokosa wachungaji waaminifu. Aliwaeleza kwamba Neno la Mungu limekabidhiwa Kanisa lote, na kwamba mwenye nyumba anaweza kuwasomea Injili watu wa nyumbani mwake na kuwabatiza. Tena aliwaambia kwamba usharika una haki ya kukusanyika, kuomba, na kuwachagua kutoka miongoni mwao watu wanaofaa kuwa watumishi. Uchungaji ni zawadi ya Mungu kwa Kanisa, wala si mali ya wachungaji.

Walimu wa Kilimanjaro huenda hawakuyajua maandiko hayo, lakini walitenda kwa roho yake. Waliendelea kupiga kengele. Walisoma Neno, wakafundisha Katekisimo, wakawazika wafu, wakawaonya waliokengeuka na kuwafariji waliofiwa. Wachungaji wachache waliobaki hawakuweza kuufikia mlima wote, hivyo Chakula cha Bwana kilingojewa kwa muda mrefu. Kungoja huko kulikuwa na uchungu, lakini kuliwafundisha watu kwamba Sakramenti ni neema inayotamaniwa, si desturi ya kalenda.

Katika miaka ya mwanzo ya 1920 walikuja wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani, wa sinodi za Iowa na Augustana, wakaungana na walimu katika kulitunza kundi. Katikati ya miaka hiyo watu wa Leipzig waliruhusiwa kurudi, na mwaka 1926 Augustana wakageukia kazi mpya ya Iramba na Singida. Huko nako kuagana kwa mlimani kukawa mwanzo wa sharika nyingine.

Kuagana kwa mwaka 1938

Gutmann hakukaa bure alipokuwa Ujerumani. Mwaka 1925 alitoa kitabu kuhusu kuujenga usharika kutokana na Injili, na mwaka 1926 kitabu chake kikubwa kuhusu sheria za Wachagga. Aliporudi Old Moshi alikuta usharika ambao haukuwa ule aliouacha. Walimu waliobeba mzigo peke yao hawakuweza tena kutendewa kama wasaidizi tu. Katika mwaka 1925 wakulima wa kahawa walikuwa wameunda chama chao wenyewe, chini ya uongozi wa Joseph Merinyo, Mkristo wa Old Moshi. Watu walikuwa wamekua.

Tunda la miaka ile ya kuachwa lilionekana mwaka 1934, wachungaji wa kwanza wenyeji wa eneo la Leipzig walipobarikiwa. Walitoka katika safu za walimu, yaani watu waliokwisha kupimwa na kundi lenyewe.

Mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka 62, Gutmann aliiaga Old Moshi kwa mara ya mwisho. Safari hii hakufukuzwa na mtu. Aliondoka kama mzee anayekabidhi jembe. Mwaka mmoja baadaye Vita Kuu ya Pili ilizuka, na Wajerumani waliobaki walikamatwa na kuwekwa kizuizini. Kwa mara nyingine misioni ilikuwa yatima, na Augustana wakasaidia kuitunza. Lakini hali ya mwaka 1920 haikujirudia, kwa sababu sasa wachungaji wenyeji walikuwapo madhabahuni. Njia hiyo iliendelea hadi Stefano Moshi, mwana wa Kotela, Mamba, alipokuwa askofu mwaka 1960, na hadi tarehe 19 Juni 1963 makanisa 7 yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, yeye akiwa mkuu wake wa kwanza. Gutmann aliishi kuyaona hayo akiwa mbali. Alifariki Ujerumani mwaka 1966.

Mafundisho ya imani

Mtume Paulo alipowaaga wazee wa Efeso pale Mileto, kama Matendo ya Mitume sura ya 20 inavyosimulia, walilia kwa sababu hawangeuona uso wake tena. Hata hivyo hakuwakabidhi kwa mtume mwingine. Aliwaweka katika mikono ya Mungu na ya neno la neema yake. Huo ndio mfano wa kila kuagana kwa Kikristo: machozi yanaruhusiwa, lakini kukata tamaa hakuna nafasi.

Historia ya Kidia yafundisha kwanza kwamba kundi ni la Kristo. Mchungaji hutumwa, hutumika, huondoka. Usharika unaomshika mchungaji kana kwamba ndiye msingi humtwika mzigo asioweza kuubeba, na anapohamishwa hugawanyika kati ya wake na wa mrithi wake. Mchungaji naye anayeuita usharika kuwa wake amesahau kwamba ni msimamizi tu.

Pili, yafundisha kwamba kuagana hupima kazi. Mwaka 1920 ulidhihirisha upungufu wa misioni, kwamba ilichelewa kuwabariki wenyeji. Ulidhihirisha pia nguvu iliyopandwa kwa walimu na wazee wa mitaa. Kila mtumishi anapaswa kujiuliza, akiwa bado kazini, ni nini kitakachosimama siku atakapokuwa hayupo.

Tatu, yafundisha kwamba kilichopokelewa lazima kitunzwe. Wazee wa mlimani walijua siri ya mfongo. Waliouchimba wamelala kaburini siku nyingi, na maji bado yanafika vihambani. Lakini hayafiki yenyewe. Kila mwaka majirani hutoka pamoja kuzibua na kuziba nyufa, na asiyetoka hana haki ya kudai zamu. Maji yatoka juu kwa Mungu, nao mfereji umekabidhiwa watu.

Kwa hiyo usharika unapohesabu miaka 100, hauhesabu majina ya wachungaji peke yake. Wahesabu pia Jumapili zile ambazo mchungaji hakuwapo, na mwalimu mmoja, ambaye pengine jina lake halikuandikwa katika kitabu chochote, alifungua mlango wa kanisa, akapiga kengele, akasoma Neno, na watu wakaja. Kwa ajili ya hao pia, Mungu na ashukuriwe.