Samadi, Chokaa na Uhai wa Udongo: Kutoka Kinama hadi Nyanda za Juu za Burundi

Kinama, kaskazini mwa Bujumbura, imo katika uwanda wa Imbo. Lakini historia ya udongo unaoilisha nchi yapaswa kutafutwa pia milimani, katika malisho ya Mugamba na Bututsi. Huko mvua nyingi zimechuja kalsiamu na magnesiamu, zikaacha asidi na alumini inayodhuru mizizi na bakteria.

Ufugaji wa jadi ulihamisha rutuba: ng'ombe walilisha mlimani, na samadi yao, ifumbire kwa Kirundi, ikaenda katika mashamba yanayozunguka rugo. Malisho yalibaki maskini. Utafiti wa kisasa uliendeshwa na INEAC, taasisi ya Kibelgiji iliyoundwa mwaka 1933. ISABU ikaurithi mwaka 1962.

Jaribio la nyasi la Rothamsted, Uingereza, lililoanza mwaka 1856, limeonyesha hatari: salfati ya amonia bila chokaa iliongeza asidi, minyoo ikapungua, nyasi zilizokufa zikarundikana bila kuoza. Kwa hiyo, kuipima mbolea kwa mavuno pekee ni kuwasahau wafanyakazi wasioonekana, ambao bila wao hata samadi haiwi rutuba.